Kuvunja Fedha Safarini: Historia ya Ubadilishaji wa Sarafu kutoka Pwani hadi Kilima cha Nyarutarama, Kigali

IKISIRI

Makala hii inachunguza historia ya ubadilishaji wa fedha za kigeni katika ukanda unaoanzia pwani ya Uswahilini hadi Rwanda, tangu karne ya kumi na tisa hadi leo. Mtaa wa Nyarutarama, ulioko Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, umechukuliwa kuwa mahali pa kutazamia historia hiyo, kwa sababu fedha ya nchi na fedha ya kigeni zimekutana hapo katika jambo la kila siku, yaani kodi ya nyumba. Makala inaongozwa na maswali matatu: nani huamua kiwango cha kubadilishia fedha? Nani hubeba hasara kiwango hicho kinapobadilika? Na lugha imehifadhi ushahidi gani wa mambo hayo? Hoja kuu ni kwamba, tangu enzi za rupia hadi zama za simu ya mkononi, hasara ya ubadilishaji imemwangukia zaidi yule aliyevuka mpaka akiwa na fedha kidogo, huku uamuzi juu ya kiwango ukifanywa mbali naye. Aidha, makala inaonyesha kwamba Kiswahili ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya msamiati wa shughuli hii, hata nje ya mipaka ya wazungumzaji wake wa asili.

1.0 Utangulizi

Nyarutarama ni kilima katika Tarafa ya Remera, Wilaya ya Gasabo. Jina lake linajulikana Kigali kote kama makazi ya mabalozi, watumishi wa mashirika ya kimataifa na Wanyarwanda wenye uwezo. Pana uwanja wa gofu, ziwa dogo bondeni, na ofisi za makampuni makubwa. Hadi miaka ya karibuni, kwenye mteremko wa kilima hichohicho palikuwa na makazi ya watu wa kipato cha chini, Kangondo na Kibiraro, ambayo wenyeji waliyaita Bannyahe. Wakazi wake walihamishiwa Busanza, Wilaya ya Kicukiro, na uhamisho huo ukakamilika mwaka 2022 baada ya mvutano wa miaka kadhaa. Wengi wao walikuwa wametaka fidia ya fedha badala ya nyumba waliyopangiwa.

Kwa mwanahistoria wa fedha, kilima hiki kina jambo la kuvutia. Kwa muda mrefu nyumba za juu zilipangishwa kwa dola za Marekani, ilhali vyumba vya bondeni vililipiwa kwa faranga za Rwanda. Mtu aliyelinda lango la nyumba iliyopangishwa kwa dola alipokea mshahara wake kwa faranga. Umbali kati ya vipimo hivyo viwili vya thamani ulikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Utafiti mwingi kuhusu fedha za kigeni Afrika Mashariki umejikita katika sera za benki kuu na mizania ya biashara ya taifa. Msafiri, yaani mchuuzi, mhamiaji wa kazi, mwanafunzi au mkimbizi, amezungumziwa kwa nadra. Makala hii inamrudisha katikati ya historia. Ushahidi unaotumika ni wa aina tatu: sarafu na noti zenyewe, matukio ya kisheria na kisera yanayojulikana, na maneno ambayo watu wameyatumia na wanaendelea kuyatumia kutaja shughuli hii.

2.0 Kabla ya Noti: Thamani Iliyovuka Maji na Milima

Ni kosa kudhani kwamba ubadilishaji wa fedha uliletwa na benki. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, jamii zilizozunguka Ziwa Kivu zilitumia bangili za nyuzi za mmea zilizoitwa butega. Bangili hizo zilisukwa na Watembo magharibi ya ziwa, zikavushwa kupitia Kisiwa cha Ijwi hadi Kinyaga, kusini-magharibi mwa Rwanda ya leo. Zilihesabiwa kwa mafungu, na kwa mafungu hayo mtu aliweza kupata maharage, mbuzi, na hatimaye ng'ombe. Majembe ya chuma na chumvi navyo vilikuwa na kazi kama hiyo katika maeneo mengi ya Maziwa Makuu. Hata hivyo, hakuna kimojawapo kilichokuwa na thamani ileile kila mahali: kadiri bangili zilivyosafiri mbali na wasukaji wake, ndivyo zilivyozidi kuwa adimu. Mchuuzi aliyezivusha ziwa alikuwa, kwa maana halisi, mbadilishaji wa fedha.

Pwani mambo yalikuwa na sura nyingine lakini kanuni ilikuwa moja. Zanzibar ilihesabu mali zake kwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria ambayo iliendelea kugongwa ikiwa na mwaka 1780 hata baada ya malkia huyo kufariki. Rupia ya Uhindi ilizunguka pamoja nayo, kwa kiwango cha rupia mbili na zaidi kidogo kwa riale moja. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokodishwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha, kama vile nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Tharia Topan, ndio waliokuwa na nguvu ya kuamua hesabu ya ubadilishaji. Mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, Sayyid Barghash bin Said alitoa sarafu zake mwenyewe, na juu ya pesa zake za shaba palichorwa mizani. Picha hiyo ilieleza shughuli ya soko lile kikamilifu. Aliyetoka bara na pembe za ndovu au aliyetoka Uhindi na vitambaa alilazimika kwanza kujua mali yake inapimwa kwa sarafu ya nani, na mizani imeshikwa na nani.

Neno sarafu lenyewe lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusu kubadilisha na kuvunja fedha. Katika lugha hiyo sarrafu ni mtu mwenye kazi ya kubadilisha. Kwa hiyo Kiswahili kimeiita fedha ya chuma kwa jina linalotokana na kazi ya kuibadilisha. Hili si ajabu kwa lugha iliyokulia bandarini.

3.0 Rupia, Pesa na Hela: Dola ya Kijerumani

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba mwaka 1890, zenye maandishi ya Kiarabu, kisha rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm II. Rupia moja ilikuwa na pesa 64, kwa kufuata hesabu ya Uhindi. Mwaka 1904, serikali ya kikoloni ikiwa imeshaitwaa haki hiyo kutoka kwa kampuni, rupia iligawanywa upya kuwa hela 100, na rupia 15 zikawekwa sawa na maki 20 za Ujerumani. Mwaka uliofuata ikaanzishwa benki ya kutoa noti.

Rwanda iliingizwa katika mfumo huo polepole. Kigali, iliyoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ilikuwa kituo cha utawala na pia kituo cha maduka. Wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili waliofika hapo walikuja na rupia, hela, na lugha ya kuzihesabia. Kupitia kwao, msamiati wa soko la pwani uliingia katika lugha za milimani. Ushahidi wake uko hai: katika Kirundi hadi leo fedha huitwa amahera, kutokana na hela, ingawa sarafu yenyewe ilitoweka zaidi ya karne moja iliyopita. Kiswahili nacho kimezihifadhi zote mbili, pesa na hela, kama majina ya fedha kwa ujumla.

Vita Kuu ya Kwanza iliipima imani ya watu katika fedha hiyo. Koloni lilipozingirwa na meli za Uingereza, noti kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Zikachapishwa noti za muda humuhumu nchini, na mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zikagongwa sarafu za hela 20 za shaba nyeupe na nyekundu pamoja na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora. Aliyekuwa na sarafu ya dhahabu alibaki na dhahabu. Aliyekuwa na noti alibaki na ahadi ya serikali iliyokuwa ikikimbia. Tofauti hiyo kati ya fedha inayobeba thamani ndani yake na fedha inayobeba ahadi tu ingejirudia katika eneo hili mara nyingi.

4.0 Shilingi na Faranga: Msafiri wa Buganda, 1916–1960

Baada ya vita, mstari mpya ulichorwa. Rwanda na Burundi, zikiwa chini ya Ubelgiji, ziliingia katika eneo la faranga ya Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1925 ziliunganishwa kiutawala na Kongo. Tanganyika, Kenya na Uganda ziliwekwa chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 ikiwa na makao London, na kuanzia 1922 zilitumia shilingi. Watu waliokuwa wametumia rupia moja kuanzia Kigali hadi Bagamoyo sasa walitenganishwa na sarafu mbili.

Athari za mpaka huo zilionekana zaidi katika uhamiaji wa kazi. Maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda na Warundi walivuka kwenda Buganda kulima pamba na kahawa. Kinyarwanda kiliiita safari hiyo gupagasa, neno linalohusiana na upagazi wa Kiswahili. Mambo mengi yaliwasukuma: njaa, kazi za shuruti, kodi na viboko. Lakini Audrey Richards na wenzake, katika utafiti wao juu ya wahamiaji wa Buganda uliochapishwa mwaka 1954, walionyesha kwamba thamani ya shilingi ikilinganishwa na faranga nayo ilikuwa kivutio.

Hesabu yenyewe inaeleza. Kabla ya vita, pauni moja ya Uingereza ilikuwa sawa na takriban faranga 25 za Ubelgiji. Faranga ilianguka baada ya vita, na ilipoimarishwa mwaka 1926, pauni moja iliwekwa sawa na faranga 175. Shilingi ya Afrika Mashariki, ikiwa ni sehemu ya ishirini ya pauni, ilifika faranga 8.75. Kodi ya kichwa nchini Rwanda ilidaiwa kwa faranga. Ujira wa Buganda ulilipwa kwa shilingi. Mtu aliyerudi na shilingi chache zilizofungwa kwenye kona ya nguo alikuwa na uwezo wa kulipa kodi yake, ya baba yake na ya nduguye, na kubakiza.

Hata hivyo, upepo uleule uliweza kuvuma kinyume. Mwaka 1931 Uingereza iliiachilia pauni kutoka katika kiwango cha dhahabu na thamani yake ikaporomoka, huku Ubelgiji ikibaki katika dhahabu hadi 1935. Shilingi ikapungua kwa faranga ndani ya majuma machache. Mwezi Septemba 1949 jambo kama hilo lilijirudia: pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80, ilhali faranga ilishushwa kidogo tu, ikawa faranga 50 kwa dola. Mhamiaji aliyekuwa na akiba ya shilingi 100 angeweza kupata takriban faranga 883 mwezi Agosti. Mwezi Oktoba, shilingi zilezile zilikuwa sawa na faranga 700. Karibu moja ya tano ya jasho lake ilipotea. Hakuiba mtu, hakucheza kamari, wala hakuwa na habari. Uamuzi ulifanywa London na Brussels, kwa sababu zisizomhusu.

Hapa maswali yetu mawili ya kwanza yanapata jibu lenye uzito. Kiwango kiliamuliwa katika miji mikuu ya ukoloni. Hasara ilibebwa na mtu aliyekuwa njiani. Mwenye duka kubwa la Kigali au Kampala aliweza kugawa mali yake katika bidhaa, shilingi na faranga. Mpagazi alikuwa na sarafu za aina moja tu, na alikuwa amezibeba mwilini.

5.0 Uhuru, Benki Kuu na Kibanda

Uhuru ulileta fedha za taifa. Mwaka 1960, Kongo ilipojitenga, Rwanda na Burundi zilipewa benki yao ya pamoja ya kutoa noti. Muungano huo wa kifedha ulivunjika mwaka 1964. Benki Kuu ya Taifa ya Rwanda ikaundwa kwa sheria ya Aprili mwaka huo, na faranga ya Rwanda ikazaliwa. Mwaka 1966 thamani yake rasmi ilishushwa kutoka faranga 50 hadi faranga 100 kwa dola. Mwaka huohuo, kwa upande wa mashariki, benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kazi na shilingi moja ikagawanyika kuwa tatu. Kwa miaka michache shilingi hizo ziliendelea kupokewa kwa thamani sawa ndani ya Jumuiya, kisha udhibiti wa fedha za kigeni ukabana, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Kwa msafiri, miongo ya 1970 na 1980 ilikuwa ya fomu na vibali. Aliyetaka kwenda nje alihitaji idhini ya benki kuu ili auziwe fedha za kigeni. Aliyeingia alitakiwa kutangaza alichonacho na kuonyesha stakabadhi za benki alipotoka. Pale ambapo kiwango rasmi kiliachana mno na hali halisi, soko la pili lilijitokeza. Tanzania iliwaita wahusika walanguzi, na mwaka 1983 ikaendesha operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Uganda iliita biashara nzima magendo, na soko la fedha la kando likaitwa kibanda. Yafaa kuona kwamba hata Kampala, mahali ambapo Kiswahili hakikuwa na heshima katika duru nyingi, maneno ya soko hilo yalikuwa ya Kiswahili.

Zaire ilitoa somo kali zaidi. Desemba 1979 serikali ya Mobutu iliondoa noti kubwa ghafla na kuwapa wananchi siku chache za kuzibadilisha. Aliyekaa karibu na benki, au aliyemfahamu mtu ndani yake, aliokoka. Mwanakijiji na mfanyabiashara aliyekuwa upande wa pili wa mpaka walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya kwa kiwango cha milioni tatu za zamani kwa moja, na wakazi wa Kasai wakaikataa, wakaendelea na noti kuukuu. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilipokuja, ilichukua zaire mpya 100,000 kuipata moja. Mtu asishangae basi kwamba mjini Goma na Bukavu dola ya Marekani ilishika nafasi ya akiba, ya bei ya nyumba na hata ya mahari. Watu hao hawakukosa uzalendo. Walijifunza kutokana na yaliyowakuta.

Kulegezwa kwa masharti kulianzia Uganda, iliyoruhusu maduka binafsi ya kubadilishia fedha mwaka 1990, na hivyo kukipa kibanda leseni na mlango wa kioo. Tanzania ilifuata kwa sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992, na Kenya ilifuta sheria yake ya udhibiti mwaka 1995. Rwanda ilishusha thamani ya faranga kwa asilimia 40 mwezi Novemba 1990, mwezi mmoja tu baada ya vita kuanza, na ikaishusha tena mwaka 1992.

6.0 Faranga Baada ya 1994

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yaliteketeza zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Mbele ya msiba huo, habari za noti huonekana ndogo. Lakini noti zilikuwa sehemu ya vita. Serikali iliyoshindwa ilipokimbilia Zaire mwezi Julai, ilibeba akiba ya noti za Benki Kuu. Serikali mpya ilikuta hazina tupu, huku faranga nyingi zikiwa Goma na Bukavu mikononi mwa wale waliofanya maangamizi, ambao waliweza kuzitumia kununulia chakula au silaha.

Jibu lilikuja Januari 1995: noti za zamani za faranga 500, 1,000 na 5,000 ziliondolewa na mpya zikatolewa. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima kwa usalama wa nchi. Mwaka huohuo Rwanda iliruhusu kiwango cha faranga kiamuliwe na soko, na maduka ya kubadilishia fedha yakapewa nafasi ya kisheria. Sambamba na hayo, Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni tangu 1959 na miaka ya 1960 walirejea kwa mamia ya maelfu wakitoka Uganda, Burundi, Tanzania, Zaire na kwingineko. Walirudi na shilingi za nchi mbili, faranga za Burundi na dola, na wengi wao walizungumza Kiswahili. Kwa kipindi kifupi, Kigali ilikuwa mji ambamo karibu kila sarafu ya Maziwa Makuu ilikuwa mfukoni mwa mtu.

Ni katika muktadha huu ambapo ushahidi wa lugha unapata uzito mpya. Kinyarwanda rasmi, katika kanuni za benki na juu ya vibao vya maduka, huita duka la kubadilishia fedha ibiro by'ivunjisha, na kitendo chenyewe kuvunja. Kinyarwanda kina kitenzi chake cha asili chenye maana ya kuvunja, nacho ni kuvuna. Umbo la kuvunja kwa maana ya kubadilisha fedha linaelekeza moja kwa moja kwenye Kiswahili. Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, lakini katika shughuli hii Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika msamiati wa sheria kabla ya sheria kukitaja.

7.0 Dola Juu ya Kilima

Nyarutarama kama inavyojulikana leo ilikua hasa katika miaka iliyofuata 1994. Mashirika ya misaada, balozi na makampuni yalihitaji nyumba kubwa zenye bustani na ulinzi. Waliojenga walihitaji kurudisha gharama za saruji, vigae na vifaa vilivyoagizwa kutoka nje. Mpangaji alilipwa kwa dola, mwenye nyumba alidaiwa kwa dola. Pande zote mbili zikaona ni rahisi mkataba kuandikwa kwa dola.

Urahisi huo, hata hivyo, ulikuwa na matokeo kwa wasiokuwa ndani ya mkataba. Muda mfupi kabla ya 1990 dola moja ilipatikana kwa chini ya faranga 100. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilihitaji zaidi ya faranga 1,300. Mwenye nyumba aliyehesabu kwa dola alilindwa dhidi ya mteremko huo wote. Mwalimu au muuguzi wa Kinyarwanda aliyetaka kupanga katika eneo hilo aliona kodi ikipanda kila mwezi kwa faranga, ingawa kwenye karatasi haikubadilika. Kwa namna hii fedha ya kigeni iligeuka kuwa ukuta usioonekana uliowatenga wananchi na sehemu ya mji wao wenyewe. Mteremko wa kushuka Bannyahe ulikuwa pia mteremko kati ya sarafu mbili.

Dola haina budi kueleweka pia kama chanzo cha mapato ya taifa. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani, kilichopandishwa kuwa dola 1,500 mwezi Mei 2017, hutajwa kwa dola kwa sababu mnunuzi wake hutoka nje. Tatizo halimo katika dola ya mgeni kuingia nchini. Limo katika dola kuwa kipimo cha mapatano kati ya wenyeji. Ndiyo maana Benki Kuu ya Taifa imekwisha kukumbusha mara kadhaa kwamba bei za bidhaa na huduma za ndani, kodi za nyumba zikiwemo, hazina budi kutajwa na kulipwa kwa faranga. Tanzania nayo ilitoa kanuni za namna hiyo mwezi Machi 2025.

Historia inatoa tahadhari moja. Amri peke yake haitoshi. Operesheni dhidi ya maduka ya fedha mjini Arusha mwaka 2018 na Dar es Salaam mwaka 2019 ziliyafunga mengi yao, lakini haja ya fedha za kigeni haikufungwa pamoja nayo. Watu hukimbilia dola pale wanapohofu kwamba fedha yao itayeyuka. Wakazi wa Kasai na Goma wametuonyesha kwamba hofu hiyo hutokana na kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi kwa faini.

8.0 Msafiri wa Leo

Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Itifaki ya umoja wa fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita. Lengo limesogezwa hadi 2031. Wakati huohuo benki kuu zimeunganishwa kwa mfumo wa malipo wa kikanda, na huduma za fedha kwa simu zimeanza kuvuka mipaka.

Lakini mchuuzi anayesafiri kutoka Nyabugogo kwenda Kampala au Mwanza bado hukutana na mambo ambayo mpagazi wa 1949 angeyatambua. Faranga yake haina soko kubwa mbali na mpaka. Mara nyingi hulazimika kununua dola kwanza, kisha kuiuza dola ili apate shilingi. Kila duka huweka tofauti kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu, ambamo kila ubadilishaji hukata asilimia tatu. Faranga 100,000 zikigeuzwa dola hubaki zenye thamani ya 97,000. Dola hizo zikigeuzwa shilingi, hubaki 94,090. Biashara isipofanyika, naye akirudi kwa njia ileile, atafika nyumbani na takriban faranga 88,500. Zaidi ya faranga 11,000 zitakuwa zimeliwa na njia, bila yeye kunywa hata kikombe cha chai.

Kuna na sheria nyingine zisizoandikwa ambazo mgeni huzijua akiwa ameshachelewa. Dola zilizochapishwa miaka mingi iliyopita hukataliwa katika maduka mengi ya ukanda huu. Noti yenye mpasuko mdogo hurudishwa. Noti ndogo ya dola tano au kumi hupewa kiwango cha chini kuliko ya mia. Kwa miaka mingi mjini Goma noti ya faranga ya Kongo iliyochakaa ilipokewa bila neno, ilhali dola ilichunguzwa kama hati ya kiwanja. Kanuni ya noti ndogo ndiyo inayouma zaidi, kwa kuwa ndiye mwenye kidogo aliye na noti ndogo. Akina mama wanaovuka kila siku kati ya Rubavu na Goma wakiwa na nyanya na viazi hawabebi noti ya mia.

9.0 Hitimisho

Makala hii imefuatilia njia ndefu: butega za Kivu, riale za Zanzibar, hela za Tabora, shilingi za Buganda, kibanda cha Kampala, noti mpya za Kigali na dola za Nyarutarama. Fedha zimebadilika, mgawanyo wa mzigo haujabadilika sana. Kiwango kimeamuliwa na mwenye mizani, awe mkodishwa wa forodha, wizara ya London, au soko la leo, na hasara imebebwa zaidi na aliye safarini na kidogo mkononi.

Yafuatayo yanapendekezwa. Kwanza, wakati sarafu moja ikisubiriwa, nchi za Jumuiya zirahisishe ubadilishaji wa moja kwa moja kati ya fedha zao, ili faranga ipate shilingi bila kupitia dola. Pili, viwango na makato yatangazwe wazi mipakani kwa lugha anayoielewa mchuuzi, na katika ukanda huu lugha hiyo kwa wengi ni Kiswahili. Tatu, kanuni za kulinda fedha ya taifa ziambatane na uthabiti wa thamani yake, kwani mwenye nyumba wa Nyarutarama ataandika mkataba wa faranga kwa hiari siku atakapoamini kwamba faranga ya mwaka kesho itafanana na ya leo. Nne, wataalamu wa istilahi wayarejee maneno ambayo soko lenyewe limeyazaa. Kuvunja limevuka mipaka mitatu na kuingia katika kanuni za benki bila kupitia kamati yoyote. Lugha iliyoweza kuwapatia watu wa ukanda huu jina la shughuli hii inaweza pia kuwapatia njia ya kuuliza, mbele ya dirisha la duka la fedha, kwa nini wanakatwa kiasi hicho.